Barua ya wazi kwa Meya na Madiwani wa Jiji la Dar es Salaam: Jiji liendeshe maktaba zake

Mstahiki Meya,
Waheshimiwa Madiwani,
Ndugu Mkurugenzi wa Jiji,

YAH: JIJI KUANZISHA NA KUENDESHA MAKTABA ZAKE LENYEWE

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari ya kata, mkazi wa upande wa Ukonga. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu barua inayopita masjala hupewa namba ya jalada, na ikishapata namba huwa haina haraka tena.

Jiji letu linaendesha masoko. Lina machinjio ya kisasa pale Vingunguti. Taka zetu zinakwenda dampo la Pugu Kinyamwezi kwa utaratibu wa Jiji. Linajenga zahanati na madarasa, linakopesha vikundi vya kina mama, vijana na watu wenye ulemavu. Ila kazi moja ambayo majiji mengi huihesabu kuwa yao, sisi hatujaigusa. Najua hapa na pale kipo chumba cha kusomea kilichoanzishwa na mfadhili, taasisi ya dini au mtu mwenye moyo wake, na Mungu awabariki. Ninachokizungumzia ni kingine: maktaba za umma zilizosambaa kwenye kata, zenye bango la Jiji, wakutubi wanaolipwa na Jiji, na kifungu chake kwenye bajeti ambacho diwani anaweza kukinyooshea kidole barazani akauliza fedha zake zimekwenda wapi.

Naomba Jiji lianze kuziendesha lenyewe, kwa mapato yake ya ndani, bila kungoja serikali kuu. Majibu nitakayopewa nimeshayasikia vijiweni na vikaoni, kwa hiyo nitaanza na hayo.

La kwanza huwa ni kwamba maktaba zina mwenyewe, ambaye ni Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Ni kweli, na historia yake inaeleweka. Mwaka 1960 mtaalamu wa maktaba aliyeitwa Sidney Hockey, aliyekuwa akifanya kazi East African Literature Bureau, alipendekeza kila nchi ya Afrika Mashariki iwe na bodi moja ya taifa ya kusimamia maktaba za umma. Tanganyika ikatunga sheria yake mwaka 1963, Uganda 1964, Kenya 1965. Tarehe 9 Desemba 1967, sikukuu ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa kwenye barabara ambayo leo tunaiita Bibi Titi Mohamed. Kisha ikaja Sheria Na. 6 ya 1975, ambayo Bodi inafanyia kazi hadi leo.

Kwa wakati ule sioni kosa. Nchi ilikuwa na wakutubi wa kuhesabu kwa vidole, vitabu vingi vilitoka ng'ambo, na halmashauri nyingi zisingeweza kununua hata rafu. Kuweka ununuzi na utaalamu mahali pamoja ilikuwa busara. Lakini tukumbuke Dar es Salaam ya mwaka huo wa ufunguzi. Sensa ya 1967 ililikuta jiji zima na watu wasiofika laki tatu. Sensa ya 2022 imeukuta mkoa na watu 5,383,728, na Jiji lenu peke yake, ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala, lina zaidi ya milioni moja na laki sita. Jengo la Bibi Titi lipo palepale. Kwa mtoto wa Msongola au Majohe, kufika pale ni daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na hapo ni kama konda hajasema denti (wanafunzi) wawili wanatosha.

Halafu ile ni Maktaba ya Taifa. Kazi yake kubwa ni kutunza: wachapishaji wanatakiwa kisheria kupeleka pale nakala za wanachochapa, na ndiko wanakopata ISBN, namba ya kutambulisha kitabu. Mtafiti wa mwaka 2090 anayetaka kujua Watanzania waliandika nini mwaka huu ataipata kazi hiyo pale. Taifa linatunza ili kitu kisipotee. Mtoto wa Darasa la Nne anahitaji kitabu cha kwenda nacho nyumbani, alale nacho, akirudishe kimekunjwa pembe. Nyumba moja inaweza kufanya kazi zote mbili kwa mji mdogo. Kwa mji huu haiwezi, na sidhani ni haki kuilaumu Bodi kwa hilo.

Wenzetu tulioanza nao pamoja wamekwisha kuliona. Uganda, kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997, ilizikabidhi serikali za mitaa maktaba za umma, na maktaba ya taifa ikapewa sheria yake mwaka 2003. Kenya, kwa Katiba ya 2010, iliziweka maktaba kwenye orodha ya kazi za kaunti. (Ukiisoma orodha hiyo, Jedwali la Nne, utakuta maktaba zimepangwa kundi moja na kamari, leseni za pombe na maonyesho ya video. Sijui mwandishi wa katiba alikuwa na ucheshi au uchovu.) Katika ule mpango wa mwaka 1960, ni sisi tuliobaki tukiamini kwamba bodi moja yenye makao katikati ya Dar es Salaam itajua kwamba Kitunda kunahitajika meza kumi za kusomea.

Sasa niwapeleke shuleni, kwa sababu jibu la pili ninalopewa ni kwamba watoto wana vitabu shuleni.

Wanavyo. Kwenye ofisi ya taaluma ya shule moja ninayoifahamu vizuri kuna kabati la chuma la kijivu lenye kufuli mbili, moja la kabati lenyewe na jingine limening'inizwa kwenye vitanzi vilivyochomelewa baadaye. Ndani kuna tamthiliya na riwaya za Kiswahili, kamusi, na vitabu vya Fizikia na Kemia ambavyo kurasa zake bado zimeshikana kwenye makali kwa kuwa hakuna aliyewahi kuzifungua. Kila kimoja kimepigwa mhuri wa shule kurasa tatu: ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho. Nje, darasani, wanafunzi sitini wananakili maelezo ubaoni.

Mwalimu anayeshika funguo zile si mtu mbaya. Amesaini leja. Mkaguzi akija anahesabu vitabu vilivyopo. Sijawahi kumsikia hata mmoja akiuliza vimesomwa mara ngapi. Kitabu kikipotea, mwalimu anaandika maelezo, na kuna wanaolipa kutoka mfukoni. Mtu mwenye akili timamu katika mazingira hayo atafanya nini? Atafunga. Kabati lililojaa vitabu vipya baada ya miaka mitano ni ushahidi wa utunzaji mzuri kwenye karatasi, na mwalimu huyo anaweza kabisa kupewa cheti cha pongezi.

Maktaba ya umma ni taasisi iliyoruhusiwa kupoteza vitabu. Inajua tangu Julai mosi, mwaka wa fedha unapoanza, kwamba kati ya vitabu ilivyoazimisha vipo vitakavyohama na familia kwenda Mbagala, vipo vitakavyonyeshewa, na vingine mdogo wake mtu atavichora picha za magari. Inaweka fungu la kuvinunua upya na maisha yanaendelea. Hakuna shule inayoweza kufanya hivyo kwa leja zake za sasa, na ndiyo maana hata siku shule zote zitakapojaa vitabu bado tutahitaji maktaba. Katika barua yote hii, Mkurugenzi akisoma aya moja tu, ningependa iwe hii, kwa sababu yeye ndiye afisa masuuli, yaani anayejibu kwa fedha na mali za Jiji, na swali la nani anabeba kitabu kilichopotea litaishia mezani kwake.

Jibu la tatu ni la simu. Vijana siku hizi wanasoma kwenye simu, maktaba za nini? Wanasoma, ndiyo. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye Maktaba Mtandao yake na ni kazi nzuri. Lakini simu hiyo mara nyingi ni ya mama, na mama anatoka nayo alfajiri kwenda sokoni, anarudi nayo saa mbili usiku ikiwa na chaji mbili tu na bando limeisha. Chumba chenye waifai, soketi zinazofanya kazi na kiti ndicho kitakachoifanya Maktaba Mtandao ya serikali imfikie mtoto aliyetengenezewa. Kwa hiyo hoja ya simu naichukua mimi, inanisaidia.

Na si wanafunzi peke yao. Pita asubuhi yoyote kituo cha daladala chenye meza ya magazeti. Watu wazima wamesimama wamejikunja, mikono nyuma, wanasoma kurasa za mbele zilizobanwa kwa vibanio vya nguo. Anayeuza anawavumilia, anajua kati yao labda wawili watanunua. Huyu anamaliza la michezo, anasogea hatua moja kulia kwenye la siasa, yule wa nyuma anaingia nafasi yake. Wanabishana juu ya habari ambayo wamesoma robo tu kwa sababu sehemu iliyobaki iko ukurasa wa tano. Watu hawa wanaambiwa kila siku kwamba Watanzania hawapendi kusoma. Wapeni benchi, magazeti ya siku hiyo na feni moja, tuone.

Kando ya barabara ya Samora kuna wauza vitabu vya mitumba waliopanga mali yao chini kwenye turubai. Wangekuwa hawauzi wangekuwa wameshahamia kwenye viatu.

Baada ya hayo nije kwenye mambo yanayonisumbua mimi mwenyewe, maana kama nisipoyasema mimi atayasema mjumbe wa Kamati ya Fedha, na atakuwa na haki.

Jiji kumiliki maktaba hakumaanishi itaendeshwa vizuri. Nairobi wanayo maktaba ya McMillan, jengo la mwaka 1931 lenye simba wawili wa mawe mlangoni, lililojengwa kwa kumbukumbu ya mlowezi tajiri na ambalo kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Halmashauri ya jiji ililichukua mwaka 1962 na kulifungua kwa wote, likawa na matawi Kaloleni na Makadara. Mwanzo mzuri kuliko huo ni upi? Hata hivyo miaka ilipopita majengo yalichoka, vitabu vikazeeka rafuni, na jiji tajiri kuliko yote Afrika Mashariki likaonekana halina habari. Hadi mwaka 2018 kaunti ilipoingia makubaliano na taasisi ya Book Bunk, iliyoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, ndipo matawi hayo mawili ya Eastlands, mashariki mwa Nairobi, yakakarabatiwa na watoto wakarudi. Jiji lilikuwa na hati, jengo na wafanyakazi. Kilichokosekana ni mtu ndani ya jiji ambaye angeulizwa.

Johannesburg nako. Maktaba yao kuu ya mwaka 1935, mali ya jiji, ilikaa imefungwa kwa miaka kadhaa kuanzia kipindi cha Uviko, matengenezo yakisuasua, hadi wakazi wakaandamana wakidai ifunguliwe. Kule kuna ugonjwa wa ziada: katiba yao inazitaja maktaba kuwa jukumu la majimbo, huku majiji ndiyo yamekuwa yakizibeba kwa sehemu kubwa ya gharama, na kila upande unamwonyesha mwenzake kidole bili ikija. Nawaomba tusirithi hilo. Kama Jiji linachukua kazi hii, liichukue pamoja na bili yake, na mipaka yake na Bodi iandikwe kwenye hati ya makubaliano kabla kitabu cha kwanza hakijanunuliwa: Bodi ilete utaalamu, mfumo wa kuorodhesha vitabu na ukaguzi wa ubora, Jiji lilete nyumba, watu, umeme na fedha za kila mwaka.

Jambo la pili linalonisumbua ni Jiji lenyewe. Samahani, Mstahiki Meya, lakini Jiji hili lina tabia ya kuvunjwa. Lilipewa hadhi ya jiji mwaka 1961. Miaka kumi na kidogo baadaye, kwenye Madaraka Mikoani, halmashauri zikafutwa nchi nzima. Likarudi. Mwaka 1996 likavunjwa tena tukawa na Tume ya Jiji, hadi 2000 tulipopata manispaa tatu. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa tena na Ilala ikapandishwa kuwa ndiyo Jiji. Mzee mmoja jirani yangu anasema ameishi kwenye nyumba ileile tangu ujana wake lakini amehamishwa halmashauri mara nyingi kuliko mtumishi wa TAMISEMI. Maktaba ni kitu cha miaka mia. Nani atairithi likivunjwa tena?

Hapa ndipo McMillan inanipa moyo, pamoja na uchovu wake wote. Ina sheria yake maalumu ya mwaka 1938. Utawala wa kikoloni ukapita, halmashauri ikapita, Tume ya Jiji ya Nairobi ya miaka ya themanini ikapita, kaunti ikaja mwaka 2013, na jengo halikugeuzwa maduka ya simu, ingawa limekaa kwenye ardhi ambayo kila mwenye fedha Nairobi angeitamani. Sisi hatuhitaji sheria ya Bunge kuanza. Baraza lina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Tungeni moja inayosema maktaba za kata ni mali ya umma isiyobadilishwa matumizi, na kwamba mamlaka yoyote itakayorithi eneo inazirithi zikiwa wazi. Anayetaka kuifuta alazimike kuja barazani kuifuta mchana kweupe.

Na fedha? Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia kumi ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Tumeona mpango huo ukiyumba, ukasimamishwa mwaka 2023, ukarekebishwa na kurudi. Lakini hakuna anayesema tena kwamba haiwezekani kutenga asilimia, kwa kuwa imeandikwa na inadaiwa kila robo mwaka. Naomba nusu asilimia kwa maktaba. Kwa kila shilingi bilioni moja mnayokusanya, hiyo ni milioni tano. Jiji hili ni kati ya halmashauri zinazoongoza nchini kwa mapato ya ndani. Fanyeni hesabu wenyewe, mna takwimu kuliko mimi. Nafahamu pia kwamba vyanzo vyenu vinaweza kuhama. Kodi ya majengo ilikuwa yenu, ikachukuliwa na serikali kuu, na leo tunakatwa kwenye umeme wa LUKU. Ndiyo sababu naomba asilimia badala ya kiwango: mapato yakishuka maktaba itafunga mkanda pamoja na wengine, yakipanda itapanda nayo, na haitakuwa kitu cha kwanza kukatwa bajeti ikibana.

Sasa nisikilizwe vizuri kwenye hili linalofuata, kwa sababu naogopa barua hii isije ikaeleweka nusu: tafadhali msijenge.

Nasema hivyo nikiwa na akili zangu. Tukisema "maktaba ya Jiji", najua kitakachofuata ni mchoro wa ghorofa nne, jiwe la msingi, mkandarasi, na picha. Tunayo Machinga Complex pale Karume. Ilijengwa kubwa, ya gharama, na kwa miaka mingi vizimba vya juu vilikaa vitupu huku machinga wenyewe wakiendelea kupanga bidhaa barabarani, walipo wateja. Maktaba ya ghorofa nne mjini itakuwa na hatima ileile, na mtoto wa Msongola bado atapanda daladala mbili.

Anzeni na vyumba vilivyopo. Ofisi nyingi za kata zina ukumbi ambao baada ya saa tisa na nusu unabaki na viti vya plastiki na picha za viongozi. Shule za msingi zina madarasa yanayofungwa jioni, wakati ambao mtoto ndiyo anatafuta pa kukaa. Chagueni kata tano zinazotofautiana: niseme Buguruni, Vingunguti, Segerea, Ukonga na Msongola, ingawa sitagombana na diwani wa Kivule akisema ni zamu yake. Chumba kimoja kila kata, rafu, meza, taa nzuri, maji, choo kinachofungika kwa ndani. Choo nimekitaja makusudi. Mabinti wanajua kwa nini.

Saa za kazi ni jambo kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Maktaba inayofunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa tisa na nusu, Jumatatu hadi Ijumaa, inamhudumia mtu ambaye hayuko shuleni wala kazini. Fungueni saa nane mchana hadi saa tatu usiku, na Jumamosi na Jumapili kutwa. Hilo linamaanisha zamu, mlinzi na posho, na ndiyo maana nataka liwe kwenye bajeti badala ya kuachwa kwenye moyo wa kujitolea wa mtu. Oktoba na Novemba, karibu na mitihani ya Kidato cha Pili na cha Nne, mtashangaa. Hivi sasa katika msimu huo nawaona wanafunzi wangu wakiwa wamekaa kwenye ngazi za duka la dawa lenye jenereta, mitihani ya miaka iliyopita mapajani, wakihama kila mteja anapotaka kupita. Mwenye duka hajawahi kuwafukuza. Siku akichoka hakuna wa kumlaumu. Hakuomba kuwa mkutubi.

Wakutubi wapo. Chuo cha SLADS Bagamoyo kinafundisha fani hiyo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pia. Naomba kitu kimoja katika kuajiri: msituletee watumishi walioshindikana mahali pengine. Kuna desturi, tunaijua sote, ya kumpeleka maktaba mwalimu aliyegombana na mkuu wake au karani anayengoja kustaafu. Mkutubi wa kata anatakiwa awajue watoto kwa majina, ajue yupi amemaliza vitabu vyote vya hadithi na sasa yuko tayari kwa riwaya, na awe na ujasiri wa kumwambia mzee wa heshima kwamba magazeti yanasomwa kwa zamu.

Vitabu vinunuliwe hapa hapa. Wachapishaji wako ndani ya mkoa huu, na tangu mwaka 2023 serikali inatoa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Waandishi wetu wanaandika kwa soko ambalo mteja wake mkubwa ni mtaala. Kitabu kisipoingia kwenye orodha ya vitabu teule, kimekufa. Jiji likinunua nakala chache za kila kitabu kipya cha Kiswahili kwa maktaba zake, mchapishaji anapata sababu ya kuchapa riwaya ya upelelezi, tenzi, au wasifu wa mwanamuziki wa dansi, vitu ambavyo hakuna atakayevitahini. Na uazimaji uwe bure. Ada, hata ikiwa ndogo kiasi gani, inamchuja yule yule tunayemtafuta.

Kuhusu manispaa nyingine za mkoa, yaani Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, sitazungumza sana. Barua hii ina anwani yake. Ila msiweke sharti la makazi kwenye kadi. Mtoto wa Yombo anayesoma Vingunguti asirudishwe mlangoni kwa sababu ya mpaka ambao hata diwani wake huenda akauonyesha kwa kukisia.

Mkutano wa Baraza wa kupitisha bajeti ni wa wazi kwa wananchi. Nitakuja nikae viti vya nyuma, na nimeshawaomba wazazi wa Kidato cha Nne wanaoweza kupata ruhusa kazini waje pia. Tutaangalia kama kifungu cha maktaba kimo, hata kama mwaka wa kwanza ni cha kata mbili. Kama hakimo, tunaomba asimame mmoja wenu atuambie kwa nini, na mwenyekiti wa Kamati ya Fedha awepo siku hiyo, kwa sababu tuna maswali ya nyongeza.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa sekondari ya kata,
Ukonga, Dar es Salaam